Kushindilia na Kujaza: Baruti, Risasi na Kumbukumbu ya Msamiati wa Kiswahili



Aliyenialika kutoa mhadhara huu aliniuliza kwa upole kama nilikuwa nimekosea kuandika mada. Mtaalamu wa isimu ana nini na baruti? Nilimjibu kwamba sijawahi kumiliki bunduki wala sina hamu ya kuimiliki. Lakini kwa zaidi ya miaka thelathini nimekuwa nikidaiwa na maneno mawili matatu ya bunduki, na deni lenyewe nililikopa hapa hapa Olmotonyi. Leo nimekuja kulipa sehemu yake.

Swali ninalolishughulikia ni hili: watu wa sehemu zetu walianzaje kujitengenezea wenyewe kile kinachotiwa ndani ya bunduki, na baadaye kuzijaza upya risasi za kiwandani? Swali hili limekwisha kuulizwa kwingineko. Huko Marekani, kwa mfano, jibu linalozoeleka huanzia kwa wawindaji wa nyati wa miaka ya 1870, waliokaa mbugani miezi mingi mbali na duka lolote, wakaona ni hasara kutupa ganda la shaba ambalo bado lingeweza kutumika tena. Kwetu sisi mambo hayakwenda kwa mpangilio huo. Hoja yangu ni kwamba historia ya kazi hii katika Afrika ya Mashariki imehifadhiwa zaidi katika msamiati wa Kiswahili kuliko katika nyaraka, na kwamba sisi watunga kamusi tumekuwa tukiifuta bila kujua.

Deni la mwaka 1987

Mwaka 1987, nikiwa kijana, nilikuwa miongoni mwa wasaidizi waliogawiwa kadi na jopo moja la msamiati ambalo halina haja ya kutajwa. Kazi yetu ilikuwa kupitia maneno yaliyodhaniwa kuwa yamekufa na kupendekeza lipi libaki na lipi liondolewe. Katika fungu langu mlikuwamo nomino mdeki na kitenzi shindilia kwa maana yake ya bunduki. Kwa mdeki niliandika: "ufito wa kusafishia bunduki", na mbele yake nikaongeza: "limekufa". Kwa shindilia bunduki niliandika: "jaza bunduki risasi". Nikajiona nimemaliza.

Mwaka huohuo nilikuja Olmotonyi kumwona ndugu yangu aliyekuwa akisoma hapa katika chuo cha misitu. Jirani na chuo aliishi mzee mmoja wa Kiarusha aliyewahi kuwa mlinzi katika shamba la miti, na ambaye zamani aliruhusiwa kuwa na gobori la kufukuzia nguruwe na nyani. Nilimwamkia, nikakaribishwa chai, kisha kwa majivuno ya kijana mwenye kadi mfukoni nikamwuliza kama amewahi kusikia neno mdeki. Mzee aliingia ndani akatoka na ufito wa chuma, mrefu kama mkono wa mtu mzima.

"Huu hapa."

Nilimsomea fasili yangu. Alicheka kidogo. "Kusafisha ni kazi yake ya jioni, Mwalimu. Kazi yake ya mchana ni kushindilia."

Nikamsomea ya pili. Hapo hakucheka. "Linalojazwa ni gunia la mahindi. Gobori halijazwi, linashindiliwa. Ukimimina tu ukaenda zako, risasi ikasimama mbali na baruti, mtutu utapasuka, na utakayekuwa umempiga ni wewe mwenyewe." Akanitazama mkononi. "Umeandika?"

Niliandika. Niliporudi mjini nilipeleka marekebisho, lakini mwaka uliofuata kadi zile hazikuonekana, nami kwa haya ya ujana sikufuatilia. Mzee alifariki kabla sijarudi tena huku. Sikumwuliza nani alimfundisha kushindilia, wala mhunzi gani alilitengeneza gobori lake. Mzee alikuwa sahihi kwa upande wa ufundi: nafasi tupu kati ya baruti na risasi ndiyo iliyopasua mitutu mingi ya zamani. Alikuwa sahihi pia kwa upande wa semantiki, na hilo ndilo lililonichukua miaka mingi kulielewa.

Maneno ya mwenye gobori

Tuanze na neno risasi. Asili yake ni Kiarabu, raṣāṣ, ambalo ni jina la madini: plumbi, kama wakemia wetu wanavyoiita leo. Kiswahili kimelichukua kwa maana zote mbili, madini na kitu kinachopigwa. Upanuzi huu wa maana hauwezi kutokea mahali ambapo risasi hununuliwa ikiwa imekwisha kuundwa na kufungwa katika sanduku. Hutokea pale ambapo mtu hununua kipande cha madini, akakiyeyusha juu ya moto katika chombo kidogo, akakimimina katika kalibu na kusubiri kipoe. Kwa mtu huyo madini na risasi ni kitu kimoja kwa nyakati mbili. Naye mwindaji wa ndege alihitaji marisaa, yaani punje ndogo ndogo, jina linalofanana na risasi kiasi cha kutuonyesha kwamba ni watu wa ukoo mmoja.

Ushahidi mzuri zaidi unatoka Katanga. Huko, katika dola ya Msiri aliyeuawa Desemba 1891, shaba ilikuwa nyingi na madini ya risasi yalikuwa adimu, kwa hiyo waliyeyusha shaba kutengenezea risasi. Msemaji wa Kiswahili anayetamka "risasi ya shaba" anasema, kwa mujibu wa asili ya maneno, "plumbi ya shaba", jambo lisilowezekana. Anayelitamka bila kusita anatujulisha kwamba neno limekwisha kuvuka kutoka kwenye madini hadi kwenye umbo na kazi.

Neno kiasi lina habari yake. Leo kila mtoto wa shule hulitumia kwa maana ya kipimo. Lakini kamusi za zamani, hadi ile ya Johnson ya mwaka 1939, zinaonyesha kwamba kiasi kilikuwa pia ni baruti iliyopimwa na kufungwa tayari kwa kupigwa mara moja, na baadaye risasi nzima ya kiwandani. Sababu yake ni ya hatari kabisa. Katika gobori, uhai wa mpigaji umo katika kipimo. Baruti ikipungua, mnyama anajeruhiwa na kumrudia mwindaji. Ikizidi, mtutu unapasuka. Basi kitu kikapewa jina la jambo linalotisha kuliko yote katika kukitengeneza. Ilipofika bunduki mpya yenye risasi iliyopimwa kiwandani, watu wa Pwani hawakuazima jina la Kizungu. Waliiita kiasi, kwa kuwa kwao kitu kipya kilikuwa ni kazi ya zamani iliyofanywa na mtu mwingine.

Mkononi au kiunoni mwindaji alikuwa na pembe ya baruti, na pia beti, yaani mfuko mdogo wa ngozi wa kuwekea risasi na fataki. Wanafunzi wa ushairi watatabasamu hapa, kwa kuwa wanalijua neno beti kwa kazi nyingine. Mtutu wenyewe uliitwa pia kasiba, neno la Kiarabu lenye maana ya mwanzi. Mdeki nao ni wa Kiarabu, midakk, kutoka kitenzi chenye maana ya kutwanga. Laiti ningalijua Kiarabu kidogo mwaka 1987, nisingaliandika habari za kusafisha.

Lakini istilahi hizi si za kuazima zote. Mzinga ni neno la Kibantu, na wenyeji wa mlima huu wanaujua mzinga kabla ya mtu yeyote kuleta bunduki: gogo lililotobolewa ndani, linalotundikwa mtini ili nyuki waingie. Waliouona kwa mara ya kwanza mdomo wa bunduki kubwa ya melini au ya ngome waliona gogo lenye uwazi, wakaliita kwa jina hilo. Gumegume, kwa upande wake, ni jiwe gumu la kutolea cheche, na bunduki ya gumegume ndiyo ile ya kale iliyowashwa kwa jiwe. Ilipokuja fataki, kile kikombe kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka kikigongwa na nyundo ya mtambo, bunduki ya gumegume ikawa kitu kilichopitwa, kinachogonga na kugonga bila kuwaka. Mnajua wote leo "mwanamume gumegume" ni nani. Sitafafanua, maana mbele yangu wamo wakwe zangu.

Halafu ndiyo hiki kitenzi shindilia. Angalieni mofolojia yake. Kimebeba viambishi vinavyotia wazo la kukaza na kurudia: si kutia, ni kutia na kugandamiza mpaka kusiwe na nafasi. Jaza huangalia chombo na ujazo wake. Shindilia huangalia mkono wa mtendaji na nguvu anayotumia. Mzee wa Olmotonyi hakuwa akinirekebisha neno tu. Alikuwa akinieleza kwamba vitenzi vile viwili vinatokana na aina mbili za bunduki, na kwa hiyo na zama mbili.

Biashara, marufuku na mhunzi

Bunduki hizi ziliingia kwa wingi kupitia Zanzibar. Mwaka 1888 Balozi wa Uingereza kisiwani humo, Charles Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha za moto kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika ya Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa bunduki kuukuu za majeshi ya Ulaya, zilizotupwa baada ya majeshi hayo kupata bunduki za kupakiwa kwa nyuma. Mtemi Mirambo, aliyefariki Desemba 1884, aliijenga himaya yake Unyamwezi kwa bunduki za namna hii zikiwa mikononi mwa rugaruga. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mfanyabiashara aliyeandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, zilizochapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, anaeleza kwamba jina lake la Tippu Tip lilitokana na mlio wa bunduki zake kama ulivyosikika masikioni mwa waliopigwa. Wapo wanaolieleza jina hilo kwa namna nyingine, kwamba lilitokana na kupepesa kwake macho. Mimi kama mwanaisimu napenda maelezo ya kwanza, kwa kuwa yanatupa tanakali ya sauti yenye mwaka na mahali, na vitu hivyo ni adimu.

Bunduki iliyonunuliwa mara moja ilihitaji kulishwa kila siku. Msafara uliotoka Bagamoyo hadi Ujiji uliweza kubeba baruti, lakini baruti hunyonya unyevu, na madini ya risasi ni mzigo mzito kwa kichwa cha mpagazi. Basi bara watu walitumia walichokuwa nacho: vipande vya chuma vilivyofuliwa, waya wa shaba, hata mawe. Baruti yenyewe ina vitu vitatu vinavyojulikana kwa majina ya Kiswahili, yaani shura, kiberiti na makaa. Kiberiti, kwa Kiarabu, ni ile salfa ya manjano. Mhunzi wa Kibantu, ambaye kwa karne nyingi alikuwa ameyeyusha chuma na kufua majembe na mikuki, hakuwa mgeni wa moto. Katika Buganda, ofisa wa Kiingereza Frederick Lugard alimsifu fundi Kisule, mhunzi aliyejifunza kwa mmisionari Alexander Mackay, kwa uwezo wa kutengeneza springi mpya na kuirudishia uhai bunduki iliyoharibika.

Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalipiga marufuku uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya latitudo ya 20 Kaskazini na ya 22 Kusini. Kilichoruhusiwa, tena kwa usimamizi, ni bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti hafifu ya biashara. Mkataba huo ulitangazwa kuwa ni wa kukomesha biashara ya watumwa, na sitakana kwamba bunduki zilitumika katika biashara hiyo. Lakini matokeo yake ni kwamba ufundi wa kushindilia uliwekwa na sheria kuwa ufundi wa Mwafrika, wakati mtawala alijichukulia ganda la shaba. Tofauti kati ya shindilia na jaza ikawa tofauti ya kisiasa.

Watu wa mlima huu waliijua tofauti hiyo kwa miili yao. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa katika miteremko ya Meru, na jeshi la Kapteni Johannes likaja kulipiza kisasi. Mashujaa waliotegemea zaidi mikuki walikabiliwa na bunduki ambazo mpigaji wake hakuhitaji kusimama wima, kumimina wala kushindilia. Boma lililojengwa na Wajerumani Arusha mwaka 1900 lingalipo, nalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Mwaka huohuo wa 1900 Mangi Meli alinyongwa Moshi pamoja na viongozi wengine wa sehemu hizi.

Niongeze jambo moja kando. Katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, iliaminika kwamba risasi zingegeuka kuwa maji. Wanahistoria na wanadini wamelieleza jambo hili kwa namna nyingi, nami sina la kupunguza. Ninachosema ni kwamba mtu aliyewahi kuyeyusha risasi chomboni ameiona kwa macho ikiwa majimaji. Huenda imani ile haikuwa ngeni kwa mwenye gobori kama ilivyokuwa kwa ofisa wa Kijerumani.

Ganda la shaba

Nieleze kidogo jinsi risasi ya kiwandani ilivyo, kwa kuwa yanayofuata hayaeleweki bila hilo. Ina sehemu nne: ganda, ambalo kwa kawaida ni la shaba iliyochanganywa na zinki, fataki ndogo iliyopachikwa kitakoni mwa ganda, baruti ndani, na kichwa mbele, ambacho ndicho kinachoruka. Ikipigwa, baruti huungua, kichwa huenda zake, na fataki hufa. Ganda hubaki, limevimba kidogo lakini zima. Kwa hiyo mwenye ganda tayari ana sehemu iliyo ngumu kuliko zote kutengeneza. Akipata fataki, baruti na madini ya kumimina, ana risasi tena. Fataki za kubadilishwa za namna hii zilianza kuenea miaka ya 1860, na wawindaji wa Marekani niliowataja mwanzoni waliuziwa vifaa vya kujazia pamoja na bunduki zao.

Wapo waliopita njia zote mbili katika maisha yao. Frederick Selous alianza uwindaji wake kusini mwa Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1870 akiwa na bunduki kubwa za kushindilia, akichota baruti kwa mkono kutoka mfuko wa ngozi, bila kipimo kingine. Ni ajabu kwamba bega lake lilidumu. Aliuawa Januari 1917 huko Beho Beho, karibu na Rufiji, kwa risasi ya ganda, katika vita ambavyo sasa navifikia.

Moshi, mwaka 1915

Vita Kuu vya Kwanza vilipoanza, makampuni mengi ya askari wa Kijerumani katika koloni hili yalikuwa na bunduki za mwaka 1871, ambazo baruti yake ilitoa moshi mwingi na kumfichua mpigaji. Meli za Kiingereza zilizuia pwani. Ushindi wa Tanga, Novemba 1914, uliwapa risasi 600,000 zilizotekwa, lakini akiba hiyo haikuwa ya kudumu.

Aprili 1915 meli ya shehena iitwayo Rubens, iliyojifanya kuwa meli ya Denmark kwa jina la Kronborg, iliingia Ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga ikifuatwa na manowari ya Kiingereza, Hyacinth. Nahodha wake aliizamisha katika maji mafupi. Katika wiki zilizofuata karibu shehena yote ya silaha na risasi iliopolewa. Lakini maji ya chumvi yalikuwa yamekwisha kupenya. Kadiri siku zilivyopita baruti na fataki zilizidi kuharibika, na risasi zilizogoma zikaongezeka.

Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, ameeleza katika kumbukumbu zake za mwaka 1920 kilichofanyika. Risasi zote zilifunguliwa moja moja. Baruti ilisafishwa. Fataki zilizoharibika zilibadilishwa kwa nyingine za namna tofauti zilizopatikana nchini. Kazi hiyo ilifanyika Moshi Mpya, yaani mji wa Moshi wa leo, mwisho wa reli ya Usambara, na kwa miezi kadhaa askari na kila mtu aliyeweza kupatikana walikalishwa kuifanya toka asubuhi hadi usiku. Risasi nzuri za zamani ziliwekwa kwa ajili ya bunduki za rashasha tu. Zilizojazwa upya zilijaribiwa: fungu lililogoma kiasi cha risasi 20 katika kila 100 lilipelekwa vitani, na lililogoma zaidi ya hapo likatumika kwa mazoezi.

Hebu tuitafakari hesabu hiyo tukiwa tumekaa hapa, mwendo wa chini ya kilomita 100 kutoka mahali penyewe. Risasi moja kati ya tano. Askari aliye Longido au Taveta anavuta kifyatulio, anasikia mlio mkavu wa nyundo, anatoa risasi mbovu, anaingiza nyingine, na mtu wa mbele yake hajangoja. Kiwango hicho hakikukubaliwa na mtu aliyebeba bunduki. Kilikubaliwa na mtu aliyebeba daftari.

Katika maelezo hayo hakuna jina la hata mtu mmoja kati ya wale waliokuwa wakifungua, wakianika, wakipachika na kukaza. Lugha ya kazi ya askari na ya kambi ilikuwa Kiswahili, na hapana shaka maelekezo yote ya meza zile yalitolewa kwa Kiswahili: chomoa, mwaga, anika, badili, rudisha. Hii ndiyo mara ya kwanza ninayoweza kuionyesha ambapo umati wa watu wa Kilimanjaro na Meru ulishikishwa kazi ya kujaza upya risasi za kiwandani. Haikuanza kwa mapenzi ya uwindaji wala kwa kubana matumizi kama Marekani. Ilianza kwa amri, chini ya mzingiro. Machi 1916 Waingereza waliingia Moshi na Arusha, na meza zile zikaondoka.

Jambo la kiisimu linalonivutia ni kwamba kwa wazee waliojua gobori, kazi ya Moshi haikuwa na fumbo lolote. Ganda lilikuwa ni mtutu mdogo. Kiasi kilikuwa ni kiasi. Aliyeona ajabu alikuwa ofisa, ambaye tangu utoto alizipokea risasi zikiwa zimefungwa katika karatasi.

Yaliyobaki mdomoni

Leo kazi ya kutengeneza risasi ni ya dola. Katika miaka ya 1970 Tanzania ilianzisha Morogoro shirika la kutengeneza zana za kijeshi, zikiwemo risasi, na likaitwa Shirika la Mzinga. Nyuki wangefurahi kuliona jina hilo. Sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kujitengenezea silaha wala risasi bila leseni, na naiunga mkono. Magobori yanayosalimishwa katika vituo vya polisi yameua watu na tembo, na sipendi msamiati kiasi cha kusahau hilo.

Maneno yenyewe yameacha baruti na kutafuta ajira nyingine. Fataki, baada ya kuwa chakula cha sherehe za mwaka mpya, mwishoni mwa miaka ya 2000 ilifanywa na kampeni ya redioni kuwa jina la mwanamume mtu mzima anayewarubuni wasichana wadogo, na jina likashika. Kiberiti kimekuwa njiti. Vijana hupigana mizinga ya fedha. Fyatua, kitenzi cha mtego na cha mtambo, hufanya kazi katika matofali. Shindilia imehamia mezani: mtu hushindilia ugali. Ni mdeki peke yake usio na kazi.

Kabla ya kuja huku niliandika kadi mpya, kwa mkono, kwa kuwa nimezoea hivyo. Naisoma kama ilivyo, na kama wajukuu wa mzee yule wamo ukumbini, nawaomba wanisahihishe wasione haya: "Mdeki, nomino, wingi mideki. Ufito wa chuma au mti mgumu wa kushindilia baruti na risasi katika gobori hadi pasibaki nafasi kati yake. Jioni hutumika pia kusafishia mtutu. Olmotonyi, 1987."